Kimea ni nini, na kwa nini bia ya ngano inagoma bila hicho

Kimea ni nafaka iliyoloweshwa ikaanza kuota, kisha ikakatizwa kwa kuanikwa. Neno lenyewe linatokana na kumea. Huku Dodoma huna haja ya kumweleza bibi yeyote: mtama ukishatandazwa uani juu ya turubai, una vijimkia vyeupe vilivyosinyaa, kila mtu anajua kuna ujimbi, pombe ya kienyeji ya Wagogo, unakuja. Wanaohitaji kuelezwa ni watu kama mimi, tuliojifunza kutengeneza bia ya ngano kwa kusoma kwenye simu, na pombe ikigoma tunailaumu hamira.

Hamira mara nyingi haina kosa. Kazi yake ni kula sukari na kutoa kileo na gesi. Wanga haigusi. Na punje ya ngano, ukiondoa ganda na kiini kinachoota, sehemu yake kubwa ni ghala la wanga ambalo mmea umejiwekea. Mwenye ufunguo wa ghala ni mche wenyewe: punje ikishapata maji na hewa, inaanza kutengeneza vimeng'enya vya kuuvunja ule wanga kuwa sukari, ili mche upate chakula kabla haujatoa majani. Mpika pombe anauwahi huo mche. Anaacha vimeng'enya vitengenezwe, halafu anaikausha punje kabla mche haujala akiba. Ndiyo maana kimea ukikitafuna ni chepesi, kinavunjika kama biskuti, na baada ya muda mdomoni kinakuwa kitamu. Ngano ya kawaida inakusumbua meno tu.

Nimeharibu mara mbili, na zote mbili zilikuwa ni kimea.

Mara ya kwanza nilinunua ngano nyeupe, safi, ya kupendeza. Siku tatu kwenye beseni, haikuota hata punje moja, ikaanza kunuka. Kumbe ilikuwa imekobolewa. Mashine ikishaparuza ganda inaondoka na kiini, na pasipo kiini hakuna cha kuota. (Epuka pia mbegu za dukani zilizopakwa rangi. Ile rangi ni alama ya dawa. Zitaota vizuri sana, lakini ni sumu.)

Mara ya pili nikapata ngano nzima. Nikailoweka usiku kucha na kubadilisha maji, nikaifunika kwa gunia bichi, nikawa naigeuza asubuhi na jioni. Siku ya nne vimizizi vilikuwa vimesimama. Nikaianika juani, na hapo ningeacha ingekuwa heri. Lakini nilitaka rangi na harufu, nikaitia kwenye kikaango mpaka ikawa kahawia. Nikasaga, nikamwagia maji yanayotokota, nikachuja, nikapoza, nikatia hamira. Povu kidogo siku ya kwanza, siku ya pili kimya. Nikanunua hamira nyingine. Kimya.

Jirani yangu ni mama wa Kigogo, anapika ujimbi tangu mimi sijazaliwa. Nilimwamkia “Mbukwenyi, mama,” nikampa konzi ya kile kimea kilichobaki. Alitafuna punje mbili, akatema pembeni.

“Hiki umekikaanga, mwanangu. Hizi ni bisi.”

Akaingia jikoni kwake akatoa uji mzito uliolala kwenye sufuria, akaupasha kidogo mpaka ukawa wa moto wa kulambika, akatia kijiko kimoja cha unga wa kimea chake cha mtama. Mwiko ulikuwa umesimama wenyewe. Tulipiga soga kama dakika kumi, mwiko ukaegemea ukingo wa sufuria, na uji ukawa unamiminika. Ukiuonja, utamu umeanza kuja. Hiyo ndiyo togwa inavyoanza, na ndiyo sababu wataalamu wa lishe wamewahimiza akina mama kutia kimea kidogo kwenye uji wa mtoto: uji mzito unakuwa mwepesi bila kuongezwa maji, mtoto anakula chakula kingi zaidi kwa kikombe kilekile. Tukarudia kwa kimea changu. Mwiko haukutikisika.

Vimeng'enya vinakufa kwa moto. Vile vinavyotengeneza sukari ambayo chachu (ndiyo hamira) inaipenda vinafanya kazi vizuri kwenye nyuzijoto 60 hadi 65. Vingine, vinavyokatakata wanga vipande vipande, vinavumilia mpaka 70 na kidogo. Maji yanayotokota yanaviua vyote, hata hapa Dodoma ambapo, kwa kuwa tuko mita zaidi ya 1,100 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 96 badala ya 100. Kikaango kinafanya kazi hiyohiyo. Ukitaka rangi, kaanga sehemu ndogo tu, kimea kingine chote kiwe cha juani.

Kama huna kipimajoto, changanya vikombe viwili vya maji yanayotokota na kimoja cha maji ya mtungini. Unga ukiingia, lita tatu za maji hayo kwa kilo moja, joto linashuka mpaka karibu na 66. Funika sufuria kwa blanketi saa moja. Kwenye mtama utaratibu ni mwingine, kwa sababu wanga wake unalainika kwenye moto mkali kuliko ule kimea kinaouvumilia. Ndiyo maana mama jirani hupika uji kwanza, akausubiri upoe, ndipo atie kimea. Wanga wa ngano unalainika kwenye nyuzi 60 hivi, kwa hiyo sufuria moja inatosha.

Kujua kama kimea kimefanya kazi, usingoje hamira ikuambie. Nenda duka la dawa ununue ayodini ya vidonda. Dondosha mchuzi wa sufuria kwenye sahani nyeupe, tone moja, upoe, kisha tone la ayodini kando lichanganyike. Ikiwa bluu ya kukaribia weusi, wanga bado upo, funika tena. Ikibaki rangi yake ya kahawia, endelea. Aliyesoma sayansi sekondari atalikumbuka jaribio hili. Tone la sahani ulimwage, lisirudi kwenye sufuria.

Jaribio hilo linamaliza ubishi mwingine. Bia ya ngano ina ukungu kwa asili yake, kwa sababu ya protini za ngano na chachu inayoelea, na huo si ugonjwa. Harufu ya ndizi nayo si ugonjwa; inatoka kwenye chachu ya bia za namna hii, na huzidi joto likipanda, kama Novemba yetu. Ukungu wa wanga ndio mbaya, na ayodini inautambua papo hapo.

Kuchuja ni shida ya peke yake. Shayiri huingia kwenye sufuria na makapi yake, yanakuwa chujio. Ngano imeyaacha yake kwenye kupura, kwa hiyo inaganda kama gundi. Mimi huosha maganda ya mpunga, wilayani Bahi hapo jirani yamejaa mashineni, na kuchanganya gao moja kwenye sufuria kabla ya kuchuja.

Jaribio la tatu, tone lilibaki kahawia. Hamira ikafanya kazi usiku uleule, mfuniko ukawa unacheza. Nilimpelekea mama jirani glasi ya kwanza. Akaonja, akanyamaza, akaonja tena.

“Kimea umepata,” alisema. “Lakini mbona haina uchachu? Au ndivyo mnavyoinywa?”