Sumukuvu kwenye mahindi: maswali tunayoulizwa sana

Sumukuvu ni nini?

Ni sumu inayotengenezwa na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zisizokauka vizuri. Moto wa jikoni hauimalizi. Ugali ukiiva, sumu bado imo. Ikiliwa nyingi kwa mara moja huharibu ini: macho hugeuka manjano, tumbo hujaa maji. Ikiliwa kidogo kidogo miaka mingi, huleta saratani ya ini.

Si kuna sheria? Mbona watu walikufa?

Sheria ilikuwepo. Kenya mwaka 2004 kikomo cha sumukuvu kwenye mahindi kilikuwa maikrogramu 20 kwa kilo, lakini watu 125 walifariki, wengi Makueni na Kitui. Mahindi yalivunwa yakiwa na unyevu, yakawekwa majumbani, mengine yakaingia sokoni. Zaidi ya nusu ya sampuli zilizochukuliwa kwa wauzaji zilizidi kikomo hicho. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Dodoma na Manyara, Tanzania. Leo kikomo cha Afrika Mashariki ni 10, lakini namba hiyo hailindi mahindi ambayo hayapimwi na mtu yeyote.

Basi udhibiti unaofanya kazi ukoje?

Unaanzia kwa mkulima. Afisa akisubiri mpakani au kwenye kiwanda kikubwa, debe la mama anayesaga mashine ya mtaani halimpitii kamwe.

Namna ya kupima nayo ina uzito wake. Ukungu hukaa kwa mafungu: konzi moja safi, ya pembeni yake imejaa sumu. Ukichoma bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchotea nafaka, mara moja tu kwenye gunia, unabahatisha. Lazima uchome juu, katikati na chini, magunia mengi, uchanganye, ndipo upime.

Halafu kuna bei. Mkulima aliyekausha vizuri akilipwa sawa na aliyeuza mabichi, mwakani hatajisumbua. Hili, kwa maoni yangu, ndilo tunalolipuuza zaidi.

Kufunga mpaka kunasaidia?

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda. Baada ya siku chache zuio likageuka masharti: waingizaji wasajiliwe, mzigo uwe na cheti cha kipimo. Masharti ni bora. Mzigo uliokataliwa bila kuharibiwa hurudi ukaliwa na watoto wa mtu mwingine.

Nyumbani nifanyeje?

Tia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, acha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi bado yana unyevu: yarudishe juani, juu ya turubai, si kwenye udongo. Chambua punje zilizovunda na zilizobadilika rangi, uzitupe. Usimpe ng'ombe: sumu hupita hadi kwenye maziwa.