Mpira wa mkojo na UTI wodini: maswali ya wanaouguza

Mgonjwa akilazwa, macho ya ndugu huenda kwenye dripu na vidonge. Mfuko wa mkojo unaoning'inia ubavuni mwa kitanda husahaulika, nao, pamoja na mpira unaouunganisha na kibofu, ni mlango mkubwa wa maambukizi ya njia ya mkojo (UTI) hospitalini.

Mpira umewekwa na muuguzi kwa vifaa safi. Maambukizi yanatoka wapi?

Mtu anapokojoa, mkojo hutoka kwa nguvu na kufagia bakteria waliokuwa wakipanda kutoka nje. Mpira, yaani katheta, unaondoa ufagio huo. Mkojo unachuruzika tu, na kiasi fulani hutuama kibofuni kuzunguka kile kipira kidogo kilichojazwa maji ili mpira usichomoke. Tena bakteria wamepata mahali pa kung'ang'ania: hujijengea utando wa utelezi juu ya mpira, ndani na nje, ambao dawa huupenya kwa shida. Wengi wao wametoka kwenye utumbo wa mgonjwa mwenyewe. Wengine huletwa na mikono yetu. Kwa kila siku inayopita, uwezekano wa bakteria kuonekana kwenye mkojo ni takriban asilimia 3 hadi 7. Mpira ukitimiza mwezi, karibu kila mgonjwa ana bakteria hao.

Basi kila mwenye mpira ana UTI?

Hapana, na hapa ndipo dawa nyingi hupotea bure. Kuwa na bakteria kwenye mkojo si sawa na kuugua. Mkojo kuwa na ukungu au harufu kali, bila dalili nyingine, hautoshi kumwanzishia mgonjwa antibaiotiki. Ukimshinikiza daktari aandike dawa "kwa usalama tu", unawafundisha bakteria wale kuizoea, na siku mgonjwa atakapoihitaji kweli haitafanya kazi. Mjamzito hutibiwa hata bila dalili, na vilevile anayesubiri upasuaji wa njia ya mkojo.

Dalili za kweli ni zipi?

Homa, kutetemeka kwa baridi, maumivu chini ya kitovu au ubavuni, damu kwenye mkojo. Mzee anaweza kuchanganyikiwa ghafla, ingawa hilo lina sababu nyingi, na zote zichunguzwe. Mwenye jeraha la uti wa mgongo huenda asisikie maumivu. Kwake angalia misuli kukakamaa kuliko kawaida, jasho na kichwa kugonga. Dalili zinaweza kujitokeza hata siku mbili baada ya mpira kutolewa, mara nyingi kwa kuungua wakati wa kukojoa. Akianza kupumua haraka, kulegea au kupoteza fahamu, ita muuguzi papo hapo: maambukizi huenda yameingia kwenye damu.

Matibabu yanakwendaje?

Mkojo huchukuliwa ukaoteshwe maabara kabla ya dozi ya kwanza. Usichukuliwe kwenye mfuko, kwa sababu uliomo umekaa na bakteria wamezaana. Kama mpira umekaa zaidi ya wiki mbili na bado unahitajika, ubadilishwe kwanza, kisha sampuli itoke kwenye mpira mpya. Dawa kwa kawaida ni siku 7 mgonjwa akipata nafuu upesi, 10 hadi 14 akichelewa.

Sisi tunaouguza tufanye nini?

Mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu saa zote, hata mgonjwa anaposukumwa kwenda kupigwa picha, lakini usiguse sakafu. Tafadhali msimlazie mgonjwa mfuko huo tumboni. Mkojo uliochafuka unarudi ndani. Bomba lisijikunje wala kulaliwa. Mfuko umwagwe kabla haujajaa, kila mgonjwa na chombo chake, mikono ioshwe kabla na baada. Msichomoe maungio ya bomba na mfuko. Sehemu za siri zioshwe kila siku kwa maji na sabuni. Dawa kali za kuua vijidudu hazina haja.

Mpira ubadilishwe kila wiki?

Kubadilisha kwa kalenda hakuzuii maambukizi, wala kuosha kibofu kwa dawa. Ubadilishwe ukiziba, ukivuja au mgonjwa akiambukizwa.

Utolewe lini?

Mapema iwezekanavyo. Hakuna kinga inayoushinda mpira ambao haupo. Kila asubuhi muulize daktari au muuguzi: "Leo bado anauhitaji?" Mkojo ulioziba ni sababu ya kuubakiza, au mahututi ambaye mkojo wake unapimwa kila saa. Kurahisisha kazi ya kubadili mashuka si sababu. Mwanamume asiyeweza kuzuia mkojo anaweza kutumia mpira wa nje, unaovaliwa kama kondomu.

Msiuvute wenyewe: kile kipira cha ndani kisiponyonywa maji kwanza, kitachana njia ya mkojo. Ukishatolewa, hesabu saa. Zikipita sita hadi nane bila mgonjwa kukojoa, au tumbo la chini likianza kujaa, mwambie muuguzi.