Kubuni papo hapo kwenye piano, na lile "tu" linaloharibu maana

Jumamosi iliyopita nilikuwa harusini hapa Kisumu, upande wa Dunga. Mwanafunzi wangu wa miaka 16 aliombwa apige kinanda wakati watu wanapanga foleni ya chakula. Akapiga bluzi ya polepole, mizunguko minne, na kila mzunguko mkono wake wa kulia ulikuja na jambo jipya. Alipomaliza, mshereheshaji akashika kipaza sauti: "Mpigieni makofi huyu kijana! Hana hata karatasi mbele yake, anaimprovaizi tu!" Makofi yakapigwa, tena ya upendo. Lakini shangazi yake kijana, aliyekuwa ameketi kando yangu, akaniinamia akauliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, kumbe hamkujiandaa?"

Si mara ya kwanza kusikia swali hilo. Nimelisikia kanisani, nimelisikia kwa wazazi wanaoleta watoto wao kusoma piano, na kila mara linatokana na neno hilihili kueleweka kombo.

Maana yenyewe ni fupi. Kuimprovaizi katika muziki ni kubuni papo hapo, yaani kutunga sauti wakati uleule unapozipiga, ndani ya umbo ambalo wewe na wenzako mnalijua. Umbo laweza kuwa bluzi ya vipimo 12 au wimbo wa vipimo 32, kila kipimo na mapigo yake manne. Kodi zake, yaani noti kadhaa zinazobonyezwa kwa pamoja, zinajulikana tangu mwanzo. Umbo likiisha linaanza upya, na huo ndio mzunguko mmoja. Kinachobuniwa ni kile kinachopita juu ya umbo hilo.

Sasa tuje kwenye neno. Asili yake ni Kilatini, improvisus, nalo limeundwa na vipande vitatu: in- ya kukanusha, pro yenye maana ya "mbele", na visus, "kilichoonwa". Shina hilo la kuona ndilo lililotupa video, na ndilo lililotupa viza ya kusafiria. Kwa hiyo improvisus ni kile ambacho hakikuonwa kabla hakijafika. Kinachokanushwa hapo ni kuona. Neno halikusema kwamba kitu hakikuandaliwa, wala kwamba mtendaji hakujifunza. Limesema tu kwamba hakuna aliyekiona kikija.

Waitaliano wakalifanya kitenzi, improvvisare, na kwa karne kadhaa walikuwa na washairi walioitwa improvvisatori. Mtu alisimama mbele ya hadhira, akapewa mada na hadhira yenyewe, akatoa beti hapo hapo. Bahari waliyoipenda sana ni ottava rima: mishororo 8 kwa kila ubeti, mizani 11 kwa kila mshororo, na vina vinavyopokezana kwa mpango usiovunjwa. Kutoka huko neno likapita Kifaransa, na katika karne ya 19 Kiingereza kikalipokea. Maana yake lilipokuwa changa, mtu wa kuimprovaizi alikuwa mtu aliyeimeza sheria ya vina na mizani mpaka haimsumbui tena.

Msomaji wa Kiswahili hana sababu ya kulishangaa hilo. Malenga wanapolumbana, mmoja anatupa ubeti na mwenzake anaujibu, mizani 16 kwa mshororo, vina vya kati na vya mwisho vikitimia. Asiyejua mizani hawezi hata kuingia ulingoni. Na sijawahi kusikia mtu akimwambia malenga kwamba amebahatisha. Kubahatisha kumetoka kwenye bahati, neno tulilolipata kutoka Kiajemi, nalo ni kuacha jambo lijiamue lenyewe. Kubuni ni kuamua wewe, ila kwa kasi.

Basi kosa limeingilia wapi? Nadhani limeingilia kwenye maana ya pili, ile tunayoitumia sana Kenya. Mwalimu wa darasa la pili anakata chupa za maji na kukusanya vifuniko vya soda ili watoto wahesabu, na tunasema ameimprovaizi. Fundi wa jua kali anafunga bawaba kwa waya baada ya kukosa skrubu, naye ameimprovaizi. Hapo neno lina maana ya kutumia kilichopo kwa kukosa kinachofaa. Ni matumizi halali kabisa, na yule mwalimu wa vifuniko namvulia kofia. Lakini ndani yake kuna upungufu. Tukilihamishia kwenye piano bila kulikagua, tunauhamisha na upungufu wenyewe. Kijana hana karatasi, basi amekosa kitu, na anachopiga ni cha kuzibia pengo.

Ngoja nioneshe kilichokuwa mikononi mwake. Nitatumia do-re-mi ile tunayoisoma kwaya, maana wengi wetu ndiyo tuliyoanza nayo. Kuna kodi tatu zinazofuatana katika jazi kila unapogeuka. Ya kwanza ni re-fa-la-do, ya pili so-ti-re-fa, ya tatu do-mi-so-ti. Sasa bakiza noti mbili tu katika kila kodi: fa na do, kisha fa na ti, kisha mi na ti. Zitazame zinavyotembea. Kutoka kodi ya kwanza kwenda ya pili, fa inabaki palepale na do inashuka hadi ti. Kutoka ya pili kwenda ya tatu, sasa ti ndiyo inayobaki, na fa inashuka hadi mi. Kidole kimoja kinasubiri na kingine kinashuka nusu hatua, halafu wanabadilishana zamu. Ukipiga noti hizo mbilimbili kwa mkono wa kushoto, sikio linasikia kodi nzima zikipita ingawa nusu yake haikuguswa.

Kijana yule alifanya zoezi hilo katika funguo zote 12, yaani do ikianzia kwenye kila noti ya piano kwa zamu. Kwenye ufunguo wa C, wenye vibonyezo vyeupe vitupu, alilimudu siku ya kwanza. Kwenye ufunguo wa F kali (F iliyopandishwa nusu hatua), ambao vibonyezo vyote vitano vyeusi vinahusika, vidole vyake viligoma kwa majuma. Tulikuwa tunapiga polepole kiasi kwamba ungeweza kumenya chungwa kati ya kodi na kodi. Baadaye nikamwambia mkono wa kulia nao uzifuate noti hizo: kodi ikigeuka, kidole kiwe kinatua kwenye mi, kisiwe kinaitafuta.

Katika bluzi ya kijazi mwendo huo hufika kwenye kipimo cha 9, 10 na 11. Pale Dunga, kwenye mzunguko wa tatu, alipofika kipimo cha 9 alianzia la akateremka hadi fa. Kipimo cha 10 akacheza kati ya re na ti, juu, chini, juu. Cha 11 kilipoingia nikajua anaelekea mi, kwa sababu ndiko tulikozoea kuelekea. Hakutua. Alisubiri nusu pigo, mkono wa kushoto ukatangulia peke yake, ndipo mi ikaja, laini, imechelewa, na iko mahali pake hasa. Sikuwa nimewahi kumsikia akichelewa hapo. Kile kichelewo ndicho alichobuni. Kingine chote kilichokizunguka alikuwa nacho tangu nyumbani.

Anayetaka ushahidi mkubwa zaidi ya mtoto wa harusini asikilize rekodi ya Giant Steps, iliyofanywa New York Mei 1959. Mtungaji ni John Coltrane, mpuliza saksofoni, na piano imepigwa na Tommy Flanagan, ambaye wakati huo tayari alikuwa mpiga piano wa kuheshimika. Umbo ni la vipimo 16 tu, lakini ndani yake kuna kodi 26 zinazorukaruka katika funguo tatu zilizo mbalimbali, na kwa kasi ile mzunguko mzima unaisha kwa sekunde 13 hivi. Coltrane alikuwa amekaa na mwendo huo wa kodi muda mrefu, akiufanyia mazoezi. Flanagan hakuwa amepata nafasi hiyo. Solo ya saksofoni, yaani zamu yake ya kubuni, inatiririka kama maji ya mto Nzoia wakati wa masika. Solo ya piano inaanza vizuri, halafu sentensi zinakatika, mapengo yanaongezeka, na mwishoni anabaki akibonyeza kodi tupu. Mwaka 1982 Flanagan aliurekodi tena wimbo huo katika albamu ya kumkumbuka Coltrane, na safari hii alipita ndani yake kwa utulivu kabisa. Mtu ni yuleyule. Lililobadilika ni kwamba sasa alikuwa ameishi na zile kodi. Charlie Parker naye, mpuliza saksofoni mwingine wa jazi, kabla dunia haijamjua, alikaa na santuri akakariri solo za Lester Young, mpuliza saksofoni aliyemtangulia, noti kwa noti.

Kuna maneno mawili mengine yanayochanganywa na hili. Kupiga kwa sikio si kubuni; mpiga kinanda wa kanisani anayeupiga wimbo wa tenzi bila kitabu, vilevile ulivyo, anatumia sikio na kumbukumbu. Na kupamba si kubuni, ingawa ni ndugu wa karibu. Ukiongeza vikorombwezo mwishoni mwa kila mstari na wimbo ukabaki uleule, umeupamba. Kwenye kubuni, wimbo wenyewe unaondoka na kubaki umbo lake tu.

Na kwa sababu niko Kisumu, lazima nitaje jina jazi pia. Mzee wa hapa ukimwambia unafundisha jazi, anawaza Victoria Jazz au Shirati Jazz, ambazo zilipiga benga. Bendi nyingi za Afrika Mashariki na Kongo zilijiita Jazz bila kupiga muziki wa New Orleans, mji wa Marekani jazi ilikozaliwa; OK Jazz ya Franco ilianza na jina hilo mwaka 1956, nayo ilipiga rumba. Sina ugomvi na hilo hata kidogo. Gitaa la benga limefuata nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, na mpiga nyatiti ana nyuzi 8 tu, ila pakruok inapoanza, mtu akalipa, akasimamisha muziki na kujisifu, jathum, yaani huyo mpigaji, hujibu hapo hapo kwa maneno yasiyokuwepo dakika moja kabla, kisha anarudi kwenye mdundo palepale alipouacha. Watu wanaoketi mbele ya nyatiti wanajua vizuri kwamba hilo halifanywi na asiyejiandaa. Ningependa wampe kijana wa piano heshima hiyohiyo.

Shangazi, pale harusini nilikujibu kwa haraka kwa sababu foleni ilikuwa imefika meza yetu. Jibu kamili ni kwamba tulijiandaa wiki tisa, na kisichoandaliwa kilikuwa ile nusu pigo kabla ya mi. Na wewe ndugu mshereheshaji, uliyemsifu kijana kwa moyo safi, siku nyingine sema amebuni papo hapo. Lile "tu" liache.