Hifadhidata iliyosambazwa: mtandao wa Nansio ukikatika, kauli ya mwisho ni ya nani?

Hifadhidata iliyosambazwa ni hifadhidata moja inayokaa kwenye kompyuta kadhaa zinazowasiliana kwa mtandao, huku mtumiaji akiiona kama kitu kimoja. Kila kompyuta kwenye kundi hilo huitwa nodi. Data inaweza kugawanywa, sehemu hii hapa na ile kule, kwa kuwa haienei mahali pamoja. Au inanakiliwa, ili nodi moja ikizimika kazi isisimame. Mifumo mingi hufanya yote mawili.

Ukitafuta programu huria (ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia na kuzibadili) za kazi hii utakutana na Cassandra, CouchDB, YugabyteDB, TiDB, PostgreSQL na nyingine nyingi, na mara nyingi zinalinganishwa kwa kasi. Kwangu kasi ni swali la pili. La kwanza ni hili: mawasiliano kati ya nodi yakikatika, mfumo utafanya nini?

Mchukue mfanyabiashara wa dagaa anayenunua Nansio, Ukerewe, na kuuza mwaloni Kirumba. Gunia linapimwa kisiwani, linaandikwa, linavushwa, linapimwa tena Mwanza. Ana kompyuta pande zote mbili, na katikati kuna ziwa. Mnara wa simu ukizimika, karani wa Nansio bado ana magunia mbele yake na mvuvi anayesubiri hela yake. Hapo pana njia mbili tu. Mfumo umkatalie kuandika mpaka mawasiliano yarudi, ili hesabu za pande mbili zisipishane. Au umruhusu aandike, na zikipishana zitasuluhishwa baadaye. Mwanasayansi wa kompyuta Eric Brewer alilitaja jambo hili mwaka 2000, na mwaka 2002 Seth Gilbert na Nancy Lynch wakalithibitisha kihisabati. Hakuna programu, ya bure wala ya kulipia, iliyolikwepa.

YugabyteDB na TiDB zimechagua usahihi, na zinaulinda kwa akidi. Zote hutumia Raft, utaratibu wa makubaliano uliobuniwa na Diego Ongaro na John Ousterhout wa Chuo Kikuu cha Stanford na kuchapishwa mwaka 2014. Andiko linahesabika pale tu nodi zaidi ya nusu zinapolipokea: 2 kati ya 3, au 3 kati ya 5. Ukiwa na nodi 4 bado unahitaji 3, kwa hiyo unastahimili kupoteza moja tu, sawasawa na mwenye 3. Ndiyo maana watu huweka idadi ya witiri.

Mahali pa kuziweka nodi pana uzito kuliko wengi wanavyodhani. Weka mbili chumba kimoja Kirumba na moja Nansio: umeme wa Kirumba ukikatika, Nansio yenye sola yake nzima haiwezi kuandika hata gunia moja, kwa kuwa peke yake si akidi. Ziweke Kirumba, Igoma na Nansio, na yoyote moja inaweza kupotea bila kazi kusimama. Hata hivyo, ziwa likitenganisha, karani wa Nansio atakataliwa. Hiyo ndiyo bei ya usahihi.

Cassandra, iliyozaliwa Facebook na kufunguliwa kwa umma mwaka 2008, inakuachia wewe uamue kwa kila ombi: nodi moja ikikubali inatosha, au ingoje akidi. Ukichagua nodi moja, Nansio inaendelea kuandika. Lakini maandiko mawili yakigongana, lenye muhuri wa saa wa baadaye hushinda. Tuseme gunia namba 17 liliandikwa kilo 48 kisiwani, kisha Kirumba wakalisahihisha kuwa 45. Ikiwa saa ya kompyuta ya Nansio inakwenda mbele kiasi cha kupita muda wa safari, 48 itabaki na 45 itapotea bila onyo lolote. Kwa hiyo linganisha saa za nodi zote, na bora zaidi, usifute andiko kwa andiko: kila kipimo kipewe mstari wake.

CouchDB inalikabili hilo kwa namna ninayoipenda zaidi kwa kazi ya visiwani. Matoleo mawili yakigongana, nodi zote huchagua lilelile moja la kuonyesha, ila la pili linahifadhiwa mpaka programu yako au mtu aamue. Imeundwa tangu mwanzo kwa ajili ya kukatika na kuungana tena.

PostgreSQL yenyewe si ya kundi hili hasa: nodi moja kuu ndiyo inayoandika, na nakala zinafuata. Lakini biashara nyingi za Mwanza, zenye ofisi moja na data ya kawaida, hazihitaji zaidi ya hapo. Ila jua kwamba kwa kawaida nodi kuu haiingoji nakala, hivyo ikifa ghafla maandiko ya mwisho yanaweza kupotea. Tangu toleo la 9.1 la mwaka 2011 unaweza kuiamuru ingoje.

Kama unachohifadhi ni picha na video, hiyo ni kazi ya Ceph, mfumo huria wa kuhifadhi mafaili kwenye kompyuta nyingi, ambao kwa kawaida huweka nakala 3 za kila kitu.

Soma leseni pia. Hifadhidata ya MongoDB iliacha leseni huria mwaka 2018, na nyingine, CockroachDB, ikafuata mwaka 2019, ingawa bado kuna orodha zinazoziita huria. Cassandra, CouchDB na TiDB ziko chini ya leseni ya Apache 2.0. Ukishachagua, sakinisha mfumo wako wa majaribio, uujaze data bandia, chomoa waya wa nodi moja huku karani akiandika, kisha urudishe na uhesabu mistari pande zote mbili.