Walipobaki bila padre: Mashahidi wa Uganda na jumuiya zetu

Tumsifu Yesu Kristu.

Kila mwaka ikikaribia tarehe 3 Juni, watoto wa Utoto Mtakatifu parokiani kwetu huanza mazoezi ya igizo. Mmoja huwa Karoli Lwanga, mmoja Kabaka Mwanga, yule mfalme wa Buganda aliyeamuru wauawe, na mdogo kuliko wote ndiye Kizito. Kuni hupangwa, khanga nyekundu hupeperushwa iwe moto, na kina mama walioketi mbele hufuta machozi. Nami hufuta yangu. Lakini kuna jambo linaniuma katika kazi hii ya ukatekista. Watoto wetu wanajua vizuri mashahidi hawa walivyokufa. Ukiwauliza walivyoishi, kimya. Wazazi wao nao ni hivyo hivyo, hata wale wa jumuiya zenye majina ya mashahidi hao hao.

Wamisionari wa kwanza wa shirika la Wamisionari wa Afrika, Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans, walifika Entebbe Februari 1879. Novemba 1882, mambo yalipoharibika kwenye ikulu ya Kabaka Mutesa, baba yake Mwanga, wamisionari walipanda mitumbwi wakaja huku kwetu kusini mwa ziwa, wakaweka makao Bukumbi, karibu na Mwanza. Hawakurudi Buganda hadi Julai 1885. Hebu hesabu: karibu miaka mitatu hakuna Misa, hakuna kitubio, hakuna mpako wa wagonjwa. Waliobatizwa walikuwa wachache, na baadhi yao walikuwa na miezi michache tu tangu wapakwe mafuta.

Mapadri waliporudi walikuta wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, wameongezeka.

Wenzangu wa vigangoni mnielewe hapo. Sisi tukikosa padre mwezi mmoja kwa sababu ya mvua na barabara, mahudhurio yanashuka nusu. Wale walibaki na nini? Walibaki na nyumba zao. Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka, aliwafundisha watu dini kwake nyumbani. Leo ndiye msimamizi wa makatekista wa Uganda, nami humwomba kila ninaposhika chaki. Yosefu Mukasa aliwalea vijana waliokuwa ndani ya ikulu.

Huko Mityana, mwendo wa kilometa kama 70 kutoka mji mkuu, ilikuwepo jumuiya ambayo mimi naipenda kuliko zote. Iliongozwa na walei watatu. Matias Kalemba alikuwa mtu wa cheo katika utawala wa Ssingo, sehemu mojawapo ya Buganda. Hilo jina Mulumba tunalomwita lilikuwa cheo chake. Alimtafuta Mungu kwanza katika Uislamu, akaenda kwa Waprotestanti, mwisho akafika kwa mapadri, akabatizwa tarehe 28 Mei 1882 akiwa amebaki na mke mmoja. Luka Banabakintu alibatizwa siku hiyo hiyo. Wa tatu ni Noe Mawaggali, mfinyanzi.

Huyu Noe alibatizwa tarehe 1 Novemba 1885, akauawa tarehe 31 Mei 1886. Miezi saba! Kabla ya ubatizo alipitia ukatekumeni mrefu, kwa maana Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lao, aliwaagiza wamisionari wake wamfundishe mtu miaka minne ndipo wambatize. Wazazi wanaponilalamikia kwamba mafundisho ya kipaimara yanachukua muda, huwa nawasimulia habari za Noe. Bibi yangu naye alifinyanga vyungu. Akishamaliza kulainisha ukingo kwa kipande cha kibuyu, alikiweka chungu kivulini siku nyingi, na sisi wajukuu tulikatazwa kukisogeza juani hata kidogo, maana kitapasuka kabla hakijaona moto. Noe aliijua kazi hiyo kwa mikono yake.

Kaka huyu alimtunza mama yake mzee, akafanya kazi yake, na Matias na Luka walipokamatwa, yeye ndiye aliyebaki kuwashika Wakristo wa Mityana. Viongozi wa jumuiya mnaosoma hapa, mwenyekiti akisafiri, nani anabaki na kitabu cha sala?

Sasa nije kwa Karoli Lwanga, maana kuna tendo lake moja ambalo igizo huliruka. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, huko Munyonyo, akijua kwamba asubuhi wataitwa mbele ya Kabaka, aliwabatiza Kizito na vijana wengine waliokuwa bado wakatekumeni. Hakuwa padre. Yeye mwenyewe alikuwa amebatizwa Novemba iliyotangulia.

Kanisa linafundisha hivyo hadi leo: mtu akiwa katika hatari ya kufa, yeyote anaweza kumbatiza, mradi akusudie kufanya lile ambalo Kanisa hufanya. Unammiminia maji kichwani ukisema, "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Maji ya bombani yanatosha. Mtoto akipona harudiwi kubatizwa. Analetwa kanisani akamilishiwe yaliyobaki, yaani krisma, nguo nyeupe na mshumaa, na taarifa zake ziandikwe. Mimi hulifundisha hili katika kila jumuiya, na huwaambia kina mama walirudie kwa sauti, kwa sababu saa ya hofu maneno hupotea.

Miaka michache iliyopita alinijia mama mmoja wa Jumuiya ya Mtakatifu Kizito, muuza vitumbua. Alikuwa wodini akimuuguza binti yake, usiku, na kichanga cha kitanda cha jirani kilikuwa kinakata roho. Mama yake akalia kwamba mwanawe anakufa bila ubatizo. "Mwalimu," akaniambia, "nilikuwa na chupa ya maji ya kunywa. Nikamuuliza mzazi jina, nikambatiza. Nimekosea?"

Nikamwambia hajakosea, nikampeleka kwa paroko. Mtoto yule alipona, wakaja wote wawili, yeye na mzazi. Tulipofungua daftari la ubatizo, kwenye safu ya mbatizaji, ambako ukurasa mzima ulikuwa na saini za mapadri, paroko aliandika jina la yule mama muuza vitumbua. Akaomba alione. Hakujua kusoma vizuri, kwa hiyo nikamwekea kidole kwenye herufi ya kwanza, akaifuata hadi mwisho.