Je, wajua kwa nini kura 51 kati ya 100 hazikutosha kuleta bima ya afya Marekani?

Mwishoni mwa mwaka 2009, chama cha Democratic kilikuwa na rais wake, Barack Obama, na wingi wa viti katika mabaraza yote mawili ya Bunge la Marekani, yaani Seneti na Baraza la Wawakilishi. Hata hivyo, muswada wake wa bima ya afya ulinusurika kufia njiani, na chanzo kikubwa kilikuwa kanuni moja ya Seneti.

Seneti huruhusu mjadala urefushwe bila kikomo, na tangu mwaka 1975 mjadala wa muswada wa kawaida haufungwi mpaka zipatikane kura 60 kati ya 100. Kwa hiyo kura 51 zinatosha kuupitisha muswada, lakini hazitoshi kuufikisha kwenye upigaji kura wenyewe. Wanademocratic, pamoja na maseneta wawili wa kujitegemea waliowaunga mkono, walikuwa 60 kamili, bila akiba hata ya kura moja, na hivyo kila mmoja wao aliweza kuukwamisha muswada peke yake. Joe Lieberman wa Connecticut, mmoja wa hao wawili wa kujitegemea, alikataa kabisa bima ya serikali ambayo ingeshindana na kampuni binafsi. Ikaondolewa. Tarehe 24 Desemba muswada ukapita kwa kura 60 dhidi ya 39.

Seneta Ted Kennedy, aliyepigania bima ya afya kwa miongo kadhaa, alikuwa amefariki Agosti ya mwaka huo, na tarehe 19 Januari 2010 kiti chake cha Massachusetts, kilichokuwa kimeshikwa kwa muda na Mdemocratic mwenzake, kilichukuliwa katika uchaguzi na Scott Brown wa chama pinzani cha Republican. Zikabaki kura 59. Kuanzia hapo Baraza la Wawakilishi halikuweza kubadilisha hata neno moja bila kuurudisha muswada Seneti, ambako ungekwama. Likaukubali ulivyo, kwa kura 219 dhidi ya 212, bila kura hata moja ya Republican. Marekebisho machache yalipitishwa baadaye kwa njia ya bajeti, ambayo huhitaji wingi wa kawaida tu lakini haigusi jambo lisilohusu mapato na matumizi ya serikali.

Kinachoniuma zaidi ni kilichofuata. Sheria ilichukulia kwamba maskini wote wangeingizwa Medicaid, bima ya serikali ya watu wa kipato cha chini, na kwa sababu hiyo haikuwawekea ruzuku ya kununua bima sokoni. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu iliamua kwamba majimbo yasilazimishwe kuipanua Medicaid. Texas ikakataa. Huko, mtu mzima mwenye kipato kidogo juu ya mstari wa umaskini hupata ruzuku, huku jirani yake aliye chini ya mstari huo akikosa vyote viwili, na Bunge lililogawanyika halikuziba pengo hilo.

Republican nao walipotaka kuifuta sheria mwaka 2017, walipitia njia ileile ya bajeti ili wasihitaji kura 60. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Julai, seneta wao John McCain, aliyekuwa amegunduliwa na saratani ya ubongo siku chache kabla, alisimama mbele ya meza ya makarani, akanyoosha mkono na kukielekeza kidole gumba chini. Kura zikawa 49 dhidi ya 51. Sheria ikabaki, na pengo la Texas likabaki pamoja nayo.