Mtoto kaleta fomu ya skauti nyumbani? Mzazi, soma hii kabla hujatia sahihi

Kila muhula wa kwanza ukianza simu yangu haipoi. Wazazi wanapiga, wengine wananitumia voisi saa tano za usiku, na swali ni lile lile, mwalimu, mtoto ameleta fomu ya skauti, hiki kitu ni nini hasa, ni jeshi ama ni klabu, na je atasoma saa ngapi. Kazi yangu ni kuwafundisha viongozi wa skauti huku pwani, yaani wale walimu na vijana wakubwa wanaosimamia vikosi mashuleni, basi nikaona badala ya kumjibu kila mtu peke yake niandike mara moja.

Tuanze na hili la jeshi manake ndilo linalowatia watu hofu zaidi. Skauti sio jeshi. Lakini sitawaficha, mzizi wake uko karibu na jeshi. Mwanzilishi, Robert Baden-Powell, alikuwa ofisa wa jeshi la Uingereza, na mji wa Mafeking kule Afrika Kusini ulipozingirwa vitani mwaka 1899 mpaka 1900 yeye ndiye alikuwa anaulinda. Mle mjini kulikuwa na kikosi cha kadeti, wavulana wadogo tu, hawakuwekwa kupigana, walikuwa wanapeleka barua na ujumbe huku na huku, baadaye kwa baiskeli, wanasaidia hospitalini, wanakaa lindo kuchungulia adui. Kilichomkaa kichwani ni kwamba watoto wale walipewa kazi ya kweli, wakaaminiwa nayo, wakaifanya. Mwaka 1907 akachukua wavulana kama 20, watoto wa matajiri na watoto wa vibarua wamechanganywa, akapiga nao kambi kisiwa cha Brownsea huko Uingereza, akawagawa vikundi vidogo na kila kikundi akakipa kiongozi ambaye ni mtoto mwenzao. Hicho kikundi kidogo tunakiita patroli na mpaka leo ndicho kinachoendesha skauti nzima. Gwaride mnaloliona Siku ya Madaraka ni sehemu ndogo sana, na kusema kweli mimi nikifika shule nikakuta skauti wanajua kupiga mguu chini tu na hakuna lingine, najua hapo kuna kazi ya kufanya.

Kenya skauti iliingia 1910, na mzee mwenyewe, Baden-Powell, alikuja kumalizia maisha yake Nyeri, akafa tarehe 8 Januari 1941, akazikwa hapo hapo. Kaburi lake lina alama ya duara lenye nukta katikati, ile alama tunayoweka njiani msituni kumwambia anayekuja nyuma kwamba mimi nimeshaenda nyumbani. Kila mwaka mwezi wa Februari skauti wanasafiri kwenda Nyeri kumkumbuka kwa sababu alizaliwa tarehe 22 mwezi huo. Mtoto wako akikuomba nauli ya safari hiyo na uwezo unao, mpe, atakachokiona pale hawezi kukipata darasani.

Sasa mtoto ataingia wapi. Wadogo wa shule ya msingi tunawaita Sungura, wakikua kidogo ni Chipukizi, wa sekondari ni Mwamba, na walioshapita miaka 18 ni Jasiri, hawa wengi wameshamaliza shule na ndio mikono yetu ya kulia. Wasichana na wavulana wote wanaingia. Dini zote pia, na hapa pwani naulizwa sana hili. Ile ahadi anayoapa mtoto akijiunga ina sehemu ya wajibu kwa Mungu, kila mtoto anaitimiza kwa imani yake ya nyumbani, Mwislamu anaswali kambini na ratiba inapangwa kumfuata, na msichana anavaa hijabu yake na skafu juu, hamna shida kabisa. Kitu kimoja tu ni lazima kieleweke, skauti ni hiari. Mtoto halazimishwi na mwalimu, na wewe pia usimlazimishe ati kwa sababu jirani yako wa kwake yumo.

Sasa mtoto anajifunza nini. La kwanza ni uongozi, na unaanzia kwenye patroli, ambayo ina watoto sita mpaka wanane. Wiki ya kwanza utaona fujo tu, kiongozi wao ana miaka 13 anapiga kelele, hakuna anayemsikiza, kamba zimefungana, hema limekaa upande. Mkubwa yeyote akiona vile mikono inamuwasha anataka kuingia kati apange. Sisi tunamfundisha kiongozi azuie mikono yake. Awaache wavunjike moyo kidogo, hema lianguke, wakae chini waulizane nani alikuwa ameshika kigingi gani. Wiki ya nne hema linasimama na hakuna mkubwa aliyeligusa, na yule wa miaka 13 hapigi kelele tena, ameshajua kwamba fulani anafaa kwa kamba na fulani ukimpa kupika ndio unamfurahisha. Kwangu mimi hapo ndipo ada yako imefanya kazi, hata kama mtoto hana beji moja.

Lile la pili ni huduma kwa jamii, na hapa nataka nikae kidogo manake ndipo panapoharibika mara nyingi.

Miaka ya nyuma nilikuwa kwenye zoezi moja la kupanda mikoko, shule siitaji. Watoto walikuwa wengi, mabango, picha, wageni wamekuja na miwani, tukaingia matopeni kwa raha zetu tukapanda mstari baada ya mstari mbele kabisa kule kunakotazama bahari wazi. Mbegu ya mkoko ni ndefu kama kijiti, unaichomeka topeni theluthi moja hivi inasimama yenyewe, watoto wanaipenda manake wanaona kazi yao hapo hapo. Basi bamvua, yale maji makubwa ya kujaa, zikapita mbili tatu, tukarudi kutazama, hakuna kitu, topeni kumebaki mashimo tu. Kosa lilikuwa letu sisi wakubwa. Pale mbele ni pahali pa mlilana na mchu, aina za mikoko zinazostahimili kupigwa na mawimbi, mkoko wenyewe tulioupanda unataka nyuma yao maji yakishapungua nguvu, na mkandaa, aina nyingine tena, nyuma zaidi. Mvuvi mmoja mzee alikuwa amekaa kwenye ngalawa yake siku ile tukipanda, anatutazama tu. Tulipomfuata baadaye akatwambia angetuonyesha, lakini hakuna aliyemuuliza. Nimeishi na jambo hilo mpaka leo.

Siku hizi kikosi kikiniletea mpango wa huduma swali langu la kwanza ni mmemuuliza nani pale mahali, la pili ni mtarudi lini. Mpango usio na tarehe ya kurudi siupitishi. Na mfano mzuri hatuna haja ya kuutafuta mbali, nendeni Gazi kule Kwale mkaone Mikoko Pamoja, tangu 2013 wenyeji wanalinda mikoko yao, wanauza hati za kaboni, yaani wanalipwa kwa hewa ya kaboni ambayo mikoko inaivuta na kuihifadhi, na pesa zinazopatikana zimeingia kwenye maji ya kijiji na shule. Imeshika kwa sababu wenye pahali ndio wenye kazi. Skauti anayekwenda kusaidia pale anajifunza zaidi ya yule anayechomeka miche mia moja ya picha na kuondoka.

Kitu kingine nakisema wazi. Kubeba viti vya mkutano wa wazazi, kuosha gari la mwalimu, kusimama juani masaa matatu kumsubiri mgeni rasmi, hiyo sio huduma kwa jamii. Nimeshakuta shule ambako ukisema skauti wanaelewa tarishi. Huduma ni kitu ambacho mtoto amekiona mwenyewe kwamba kina shida, akakizungumza na patroli yake, wakapanga, wakafanya. Inaweza kuwa ndogo kabisa. Kuna watoto walioona wadogo wa darasa la kwanza wanashindwa kuvuka barabara ya lami asubuhi, wakapanga zamu wenyewe na mwalimu mmoja mkubwa pembeni, wiki nzima wanashika mikono wadogo wanavuka. Mzazi, mtoto akikwambia leo tulikuwa na huduma, muulize mlifanya nini na nani aliamua. Jibu litakupa picha ya kikosi kizima.

Na hiyo skafu mnayoinunua mkidhani ni pambo, naomba muiheshimu. Ile ni bandeji. Jumamosi moja tulikuwa tunaokota taka ufuoni, kijana mmoja wa mashua akakanyaga chupa iliyovunjika, damu inachuruzika mpaka mchanga umelowa, watu wazima wamesimama wanapiga kelele tafuta tuktuk, tafuta tuktuk. Msichana wa Chipukizi akaja akapiga magoti, akasema, mjomba kaa chini, lala kabisa, mguu juu ya ndoo. Akatazama kwanza kama kuna kigae kimebaki ndani, hakikuwepo, akakunja kitambaa safi akaweka juu ya jeraha akakandamiza kwa viganja viwili bila kuachia achia kuchungulia, na mwenzake akavua skafu akaifunga juu yake. Tuktuk ilipofika damu ilikuwa imeshapungua. Kama kigae kingekuwa kimeganda ndani asingekivuta, angekandamiza pembeni zake tu na kumwacha daktari akitoe, hilo pia alikuwa analijua. Hawa ndio watoto watakaorudi nyumbani wakwambie mama usimpake mdogo wangu dawa ya meno kwenye moto wa chai, weka chini ya maji ya bomba dakika 20. Wasikizeni, wako sawa.

Usalama sasa, na hapa mzazi usione haya kuuliza, kiongozi mzuri hakasiriki akiulizwa. Kambini lazima wawe wakubwa wawili au zaidi, na kama kuna wasichana lazima awepo kiongozi mwanamke. Mkubwa halali hema moja na watoto. Mkubwa hakai peke yake na mtoto mmoja mahali palipofungwa, wala hamtumii mtoto ujumbe wa siri kwenye simu. Hakuna kumkaribisha mgeni kwa kumpiga, kumwagia maji machafu au kumtia aibu, skauti anakaribishwa kwa ahadi yake na kupeana mkono wa kushoto, basi. Haya sio maneno yangu tu, ulinzi wa watoto ni sharti la skauti dunia nzima. Fomu ya ruhusa iandike sawasawa, kama mtoto ana pumu, kifafa, au chakula kinachomdhuru, kitaje, usifiche ukidhani hataruhusiwa kwenda, anayefichwa ndiye anayetupa taabu usiku wa manane porini. Kambi iwe na barua ya shule, pahali panajulikana, nambari ya simu iko. Pesa yoyote, hata kidogo, dai risiti. Na ukimuona kiongozi amevaa ugwe shingoni wenye vipande viwili vidogo vya mbao, ujue huyo amemaliza mafunzo makubwa ya uongozi wa skauti. Asiye navyo sio mbaya, huenda bado anasoma, lakini muulize amefika hatua gani.

Kuna wanaosema mtoto atafeli. Kikosi kinakutana mchana mmoja kwa wiki na Jumamosi moja moja. Mimi naona simu inakula masaa zaidi ya hayo na hakuna mzazi aliyenipigia kulalamika kuhusu simu.

Kwa wale wa sekondari, ongezeni na Tuzo ya Rais, ambayo iko nchini tangu 1966 na inakubali vijana walio skauti na wasio skauti. Ina ngazi tatu, shaba inaanzia miaka 14, fedha 15, dhahabu 16, na mwisho ni kabla ya kutimiza 25. Kijana anachagua huduma, ujuzi na mchezo, anafanya kama saa moja kwa wiki kila kimoja, na kuna safari ya kwenda kwa miguu au chombo na kulala nje, usiku mmoja kwa shaba, miwili kwa fedha, mitatu kwa dhahabu. Ya shaba inachukua miezi sita kwa uchache. Kijana hashindani na mtu, anashindana na alivyokuwa jana. Na kwa kuwa mtaala mpya umeweka huduma kwa jamii kuwa somo la lazima kwa sekondari ya juu, kijana aliyeshazoea kuuliza wenyeji, kupanga na kurudi hatababaika akiambiwa alete kazi yake.

Mwisho ni vitu vya siku ya kwanza manake najua mtaniuliza. Yunifomu bado, tafadhali usikimbilie kwa fundi, mtoto anahudhuria kwanza wiki kadhaa aone kama anapenda, akisha kujifunza ahadi na sheria ndio anaapishwa na hapo ndipo anavaa skafu. Siku ya kwanza aje na viatu vya kufunga, chupa ya maji, daftari dogo, na kamba ya mita mbili hivi, ile ya katani ya dukani inatosha. Akirudi jioni akaanza kufunga mafundo kwenye miguu ya meza usimfukuze.